Mwaka Niliodhani Pikipiki Imepona

Habari kwamba Kasereka amekufa ilinikuta dukani nikipaka cheni grisi, nami sikuiacha cheni. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani nasimulia habari za rafiki. Aliyeniletea habari alikuwa Mbusa, rais wa pakingi yetu ya zamani, kituo cha pikipiki za abiria, mzee sasa, magoti yamechoka. Alisimama mlangoni pa duka langu la vipuri hapa Butembo, kofia mkononi kama anayeingia kanisani. "Kasereka ametuacha, Mama Kavira. Ile sukari yake ndjo imemubeba," akasema. Nikamwambia pole. Hakuondoka. Akaigeuza kofia mara mbili tatu, kisha akataja msalaba. Sisi waendesha pikipiki tukimzika mwenzetu, pikipiki zote hutoka kwa honi na kelele, na moja hutangulia mbele imebeba msalaba wa mbao wenye jina la marehemu. Mwenye kuubeba huchaguliwa na marehemu mwenyewe akiwa bado na kauli. "Alitaja nani?" nikauliza. "Alitaja weye." Nikasema Kasereka hata akifa hanipi raha, na Mbusa akacheka kidogo, kwa heshima ya msiba.

Kwa miaka zaidi ya ishirini tuliishi katika mji mmoja, yule bwana na mimi, na sikumbuki hata siku moja aliyonisalimu kwa jina langu. Aliniita Cherehani. Akija dukani angesimama kando, angoje wateja waishe, kisha aseme, "Cherehani, nipe frein ya nyuma, na hapana nipe ya uongo." Nami nilimpa breki yake, kwa uso uleule ambao ningempa mkusanya kodi. Wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aliyesema hivyo hakumjua Kasereka. Habari za ukoo wangu naziacha, nani alimzaa nani na nani alihama kutoka Lubero, kwa sababu hazisaidii kitu hapa. Mwaka ninaoutaka ni mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, nimeuza cherehani yangu ili ninunue pikipiki kuukuu ya padri, na mji mzima, naona hivyo mpaka leo, ulikaa kitako kungoja nianguke.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Masika, mjane mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyekuwa na mkahawa wa mbao kando ya pakingi, upande wa Furu. Chumba changu na chumba cha kulia vilitenganishwa na ukuta wa mbao za mikaratusi zilizokauka zikaacha nafasi, kwa hiyo kila kilicholiwa nilikinusa na kila kilichosemwa nilikisikia. Asubuhi za Butembo ni za baridi, ukungu unashuka mpaka kwenye mapaa, na waendesha pikipiki walikuwa wakija kunywa chai ya tangawizi na kula ugali wa fufu uliobaki, wakiwa wamevaa makoti mawili mawili. Ijumaa Mama Masika alipika samaki wa Kyavinyonge kwa nyanya, na siku hiyo walikaa muda mrefu na kusema zaidi. Nilikuwa nakaa juu ya kitanda, miguu imefunikwa blanketi, nikisikiliza wanavyonigawana. "Ile moto itamuua," alisema mmoja, maana kwetu pikipiki huitwa moto. "Aache imuue, sisi tutazika," akajibu mwingine, na vijiko vikagonga sahani kwa kicheko. Kisha sauti nzito, kavu, ambayo haikucheka: "Yeye afanye yenye anataka. Mais mutu hapana gusa ile moto." Hiyo ilikuwa sauti ya Kasereka, ambaye kila “lakini” yake ilikuwa mais ya Kifaransa. Niliichukua kuwa dharau, kwamba kitu changu ni najisi hata kukigusa, nikailaza moyoni pamoja na nyingine.

Pikipiki yenyewe, niseme kweli, haikuwa na sura ya kutetewa. Ilikuwa nyekundu iliyopauka ikawa rangi ya matofali. Padri mmoja wa Kizungu alikuwa ameiendesha kwenye vigango vya milimani mpaka alipozeeka akarudi kwao, na mlinzi wa parokia ndiye aliyenikabidhi karatasi na ufunguo, akaniombea baraka, akafunga lango. Tangi lilikuwa limebonyea upande mmoja, na juu yake picha ya Bikira Maria imekwanguka mpaka imebaki joho la bluu. Kifuniko cha tangi hakikuwa na kufuli, kilifungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Haikuwa na kitufe cha kuwashia, ni kuipiga teke tu, na asubuhi za baridi niliipiga teke mara ishirini, mara thelathini, huku wanaume kumi na wawili wakiwa wamesimama mistari miwili na vikombe vyao mkononi. "Soma rozari kwanza!" wangesema. "Padri alikuachia moto, na misa atakuachia lini?" Wanawake waliokuwa wakipita kwenda sokoni hawakuwa bora kuliko wao. Mmoja, tuliyeimba naye kanisani, alinitazama miguu iliyotanuka juu ya kiti akatema mate pembeni, bila hasira yoyote. Abiria wangu wa kwanza alikuwa mtu mlevi, kwa sababu mlevi hachagui.

Niliwahi kujifunza kuendesha kwa pikipiki mpya ya binamu yangu, zile za kisasa ambazo mafuta ya injini yanakaa chini, kwenye tumbo lake, unayabadilisha baada ya wiki kadhaa, na tangini unatia esansi tupu, yaani petroli peke yake. Ya padri haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa ya zamani, zile zinazolia kama mashine ya kusaga mahindi, na injini yake ilipata mafuta kwa njia moja tu: unayachanganya na esansi humohumo tangini. Ukitia esansi tupu, chuma kinasugua chuma mpaka siku moja kinashikana. Hilo kila mtu pale pakingi alilijua. Mimi sikulijua, na hakuna aliyeniambia, na mimi kwa kiburi changu sikuuliza. Ningewauliza vipi watu ambao walikuwa wanangoja niulize? Nilitafuta chini ya injini mahali pa kutilia, nikapata tundu la mafuta ya gia, nikalijaza, nikajifuta mikono nikaridhika.

Nilichokiona mimi ni moshi. Siku nilipoichukua kwa parokia ilikuwa inatoa moshi wa bluu, mzito, wenye harufu, unaokaa njiani hata baada ya mimi kupita. Pakingi walisema inavuta tumbaku. Mimi nikaamua ni mgonjwa, na kwamba nitaiponya. Nikafungua kabureta juu ya mkeka, nikaiosha, nikapiga brashi bujii, ile plagi inayotoa cheche, nikatia esansi safi ya chupa, mpya, niliyoichagua mwenyewe kwa kuiangalia juani. Na baada ya kuzunguka mji nusu siku, moshi ukapungua. Jioni ukakatika kabisa. Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilimwita Mama Masika kutoka jikoni aje aone bomba safi. "Imepona, mama!" Akaangalia bomba, akaniangalia mimi, mwiko unadondosha maharage. "Mutoto wangu," akasema, "mutu hapana panda kitu yenye hapana jua." Nikamwambia najua. Asubuhi yake nikaipiga teke, na moshi wa bluu ukarudi, mzito kama siku ya kwanza, na mistari miwili ya vikombe ikaangua kicheko. Ikawa hivyo kwa miezi. Jioni imepona, asubuhi inaumwa. Nilibadilisha bujii. Nilibadilisha muuza esansi nikamwita mwizi mbele ya watu. Nilifikia hata kununua maji ya baraka, na hilo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Pikipiki zetu zililala uani kwa Mama Masika, nyuma ya lango la mabati, na aliyekuwa na ufunguo wa lango ni Kasereka. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mrefu, mkavu, jino moja la mbele limevunjika, na alikuwa wa kwanza kufika asubuhi kabla hata moto wa chai haujawashwa. Nikitoka chumbani ningemkuta amesimama karibu na pikipiki yangu, mikono mfukoni, akiitazama. Hakuondoka haraka, hakuona haya. "Unatafuta nini?" ningemuuliza. "Natafuta mwenye moto," angesema, halafu aende zake. Nilikuwa na hakika kwamba yeye ndiye anayeniharibia, kwamba anatia kitu tangini, maji labda, au sukari. Nilianza kufunga kile kifuniko kwa fundo langu mwenyewe, fundo la washonaji. Asubuhi nikakuta limefungwa fundo jingine. Nilikwenda kwa Mbusa nikamshitaki. Mbusa akaniuliza kama nimemwona kwa macho. Sikuwa nimemwona. Basi akaniambia jambo lenye maana zaidi kwangu ni kizibao.

Kizibao ndicho kilichokuwa maisha yangu mwaka ule. Kilikuwa cha njano, kina namba mgongoni, na asiyekuwa nacho alibeba mabaki, walevi na mizigo ya mkaa, na siku yoyote angeweza kufukuzwa pakingi. Mimi cherehani nilikuwa nimeshaiuza. Nikifukuzwa, kilichobaki ni kurudi kwa shangazi kukunja pindo za sare za wanafunzi kwa mashine ya mtu mwingine, nikiomba ruhusa hata ya kwenda msalani. Na pale pakingi kizibao hakikununuliwa. Kulikuwa na desturi, tuliiita ndizi ya Beni. Mgeni anatakiwa aende Beni na kurudi siku hiyohiyo, msimu wa mvua, amebeba nyuma mmoja wa wakubwa kama shahidi, na arudi na mkungu wa makemba, zile ndizi za kupika, na kidumu cha mafuta ya mawese, vitu vya kule kwenye joto ambavyo baridi yetu haivizai. Mama Masika anavipika, pakingi nzima inakula, na sahani zikishakuwa mezani shahidi anasimama na kusema neno moja. Amefika, au Hakufika. Mtu aliyesukumwa, aliyepakiwa kwenye lori, aliyeharibikiwa na pikipiki njiani mpaka mwingine akamtengenezea, hakufika. Hakuna rufaa. Mwezi wa kumi, katikati ya mvua, Mbusa alinisimamisha mbele ya wote. "Siku ya posho, Beni. Témoin ni Kasereka." Yaani Jumamosi, na shahidi wangu Kasereka. Wakapiga makofi. Nadhani hata wale walionionea huruma walipiga.

Tuliondoka ukungu bado upo. Alikaa nyuma yangu mgongo wima, mikono juu ya mapaja yake, hataki kunishika, na tangu Furu mpaka tunatoka mjini hakufunga mdomo. Vitesse! Embrayage! Yaani gia, yaani klachi. Unaendesha kama unashona! Penye tope alisema kaa kushoto, nikakaa kulia kwa makusudi, tukazama mpaka vifundoni, akashuka akanitazama nikiichomoa peke yangu, kwa sababu shahidi hasukumi. Kwenye kizuizi kabla ya Beni askari mmoja kijana, wa kutoka mbali, alinyanyua kamba huku ameachama. "Mwasi azokumba moto!" akawapigia kelele wenzake kwa Kilingala, na wote wakatoka kwenye kibanda kumtazama mwanamke anayeendesha pikipiki. Mmoja akamuuliza Kasereka kama mkewe ndiye anayembeba. Nilisikia mwili wa Kasereka ukikakamaa nyuma yangu. "Hapana bibi yangu," akasema. "Ni malheur yangu." Wakacheka kusikia mimi ni balaa yake, wakatuachia bila kudai kitu, na mimi nikaapa kwamba nikirudi na kizibao nitamvalia mbele ya mlango wake kila Jumapili.

Beni ilikuwa na joto la kuvua sweta. Nalikumbuka soko lile kuliko arusi nyingi nilizokwenda: makemba marefu ya kijani yamelazwa juu ya majani, magunia ya kakao kutoka njia ya Oicha yananuka chachu, na akina mama wanaouza mawese wameketi nyuma ya madumu mekundu, mikono inang'aa mpaka kwenye viwiko. Kasereka alikwenda kumsalimu dada yake na kunipa saa moja. Nikachagua mkungu, nikaufunga kwenye keria nyuma ya kiti kwa mpira, nikafunga kidumu ubavuni. Tangi lilikuwa karibu kuisha. Kwa muuza chupa nikatia esansi mpaka juu, safi, ya rangi nzuri, nikakifunga kifuniko kwa fundo langu. Kisha nikala sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo, nimesimama, nikiwa na furaha ya kijinga. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Kurudi Butembo ni kupanda tu. Tulipita mashamba, mvua ikatupiga ikaacha, na injini ilivuta vizuri ajabu, nyepesi, inalia kwa sauti kali ya juu ambayo sikuwahi kuisikia. Kisha nikasikia pumzi ya Kasereka karibu na sikio. "Cherehani. Moshi iko wapi?" Nikageuza kichwa, nikaona nyuma yetu barabara safi, hata ukungu wa bluu hakuna, na nikasema kwa sauti ya mtu aliyengoja miezi sita kulisema: "Imepona!" Akapiga yowe. Sikuelewa ni yowe la nini. Alikuwa ananipiga begani, simama, simama, nami nikafikiri ni hila ya kunifelisha nikaongeza mwendo. Tulikuwa kwenye mpando, kijiji cha Maboya kiko mbele kidogo. Injini ikatoa mlio mmoja mwembamba, gurudumu la nyuma likafunga kama limeshikwa na mkono, na sote wawili tukaenda chini pamoja na Bikira Maria na makemba.

Nilipoinuka goti langu lilikuwa limechanika na yeye kiwiko chake kilikuwa kinatoka damu, lakini hakukiangalia. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya injini, akaweka kiganja karibu nayo bila kuigusa kwa joto. "Ulitia huile ngapi kule Beni?" akauliza polepole, huile kwa maana ya mafuta ya injini. "Huile gani?" nikasema. Akanitazama. Sijawahi tena kutazamwa vile na mtu yeyote. "Kule ndani ya esansi." Nikamjibu kwamba ndani ya esansi hakutiwi kitu. Na hapo Kasereka akavua kofia yake ya chuma akaitupa kwenye majani kwa nguvu zake zote. "Miezi sita!" akapiga kelele. "Miezi sita miye ndjo natia huile yangu ndani ya moto yako! Kila asubuyi! Na huile yangu, na mikono yangu! Weye unawaza nani alikuwa anaifungua ile caoutchouc, malaika?" Mambo yote yakanishukia kwa mpigo: moshi wa asubuhi, bomba safi la jioni, fundo lisilo langu kwenye mpira wa kifuniko. Kilichokuwa ugonjwa ndicho kilikuwa uzima wake, na nilichokiita kupona kilikuwa ndicho kifo. Nilitamani barabara inifunike.

"Kwa nini hukuniambia?" nikasema. "Niseme kwa nini? Miye hapana rafiki yako." "Basi kwa nini ulitia?" Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akafunga kiwiko chake kwa leso, na akaniambia kwa sauti ya kawaida, ile ambayo watu husemea bei ya viazi. Alikuwa ameitaka pikipiki ya padri tangu yuko mdogo. Padri alimbeba nayo siku Kasereka alipomzika baba yake. Alikuwa amekubaliana na mlinzi wa parokia, akaenda mji wa Kayna kutafuta fedha zilizopungua, na aliporudi akakuta msichana wa cherehani ameichukua. "Nilijiambia, huyu mwanamuke hatamaliza mwaka. Atachoka, atauzisha, nitanunua. Mais nilikuwa hapana taka kununua maiti. Donc, basi, nilikuwa naichunga. Weye sikukuchunga. Nilichunga moto yangu." Hakukuwa na aibu katika uso wake. Nilimchukia kuliko siku zote, na wakati huohuo nilijua kwamba bila chuki yake ningekuwa nimeshaiua pikipiki ile zamani, peke yangu, huku nikishangilia.

Ilikuwa siku ya kunimaliza. Alichotakiwa kufanya ni kungoja lori, anipakie, asimame mezani aseme Hakufika, na wiki ijayo anunue alichokitaka kwa bei ya chuma chakavu. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Tulikaa nusu saa mpaka injini ikapoa. Kisha akainuka, na bila kunitazama akasema, "Fungua bougie." Nikaifungua bujii. Alitazama kushoto na kulia kwenye barabara ile tupu, na hakuna mahali popote pa kununua mafuta ya injini. Macho yake yakatua kwenye kidumu. "Kitambaa yako," akasema. Nikavua kitambaa cha kichwa. Akachuja mawese kwa kitambaa changu, mekundu, ya vuguvugu, akaniamuru niyamimine mwenyewe kwenye tundu la bujii. "Shahidi hapana tengeneza," akasema. "Shahidi anasema tu." Basi alisema, nami nikatenda. Tia gia ya tatu. Ivute nyuma. Isukume mbele. Nyuma. Mbele. Niliisukumasukuma mpaka mikono ikafa ganzi, nikilia waziwazi kwa hasira, na gurudumu likawa haliendi popote, mpaka kitu ndani kikatoa mlio mdogo wa kubanduka na gurudumu likazunguka. Akanihesabia vifuniko vya mawese vya kutia tangini kwa kila lita, akaniambia tingisha, tingisha kama unapepeta. Nikarudisha bujii, nikaipiga pikipiki teke mara tisa. Ikawaka.

Tulipanda mpaka Butembo tukinuka mandazi. Sitanii. Moshi uliotoka haukuwa wa bluu, ulikuwa mweupe na mzito, na ulinuka jikoni kabisa, kiasi kwamba pale Maboya wanawake wanaouza parachichi waliinua pua wakatazama nani anakaanga. Pakingi waliweka vikombe chini tulipoingia. Mama Masika akapokea mkungu uliopondeka, akatikisa kidumu. "Mafuta imepunguka." Kasereka akanawa mikono. "Barabara imekunywa," akasema. Makemba yakaiva, yakaletwa mezani na maharage, na watu wakakaa wamebanana kwenye mabenchi, mimi nimesimama karibu na ule ukuta wa mbao, safari hii upande wa pili. Hakuna aliyegusa sahani. Kasereka akasimama. Aliwatazama, akatazama makemba, akachukua muda wake kama mtu mwovu. "Amefika," akasema. Akaketi akaanza kula. Mbusa akanivisha kizibao, namba kumi na tatu, iliyokataliwa na kila mtu.

Nilimfuata uani. Sikujua kushukuru na sikutaka. Nikamuuliza tu kwa nini. "Moto yenye imekaza mara moja," akasema akiwa amenipa mgongo, "miye hapana itaka tena. Chukua maiti yako." Asubuhi yake baridi iligandisha mawese kwenye kabureta, ikawa kama siagi, na nilishinda siku nzima nikiyakwangua kwa njiti. Alipita mara moja. "Huile, kifuniko mbili kwa litre," akasema. "Hapana uliza tena." Sikuuliza tena. Niliiendesha pikipiki ile miaka saba, na ndiyo iliyonijengea duka hili.

Nilimwamini kwa muda kwamba hakuitaka. Kisha, nilipokwisha kuiweka nyuma ya duka chini ya turubai, alianza kuja. Kila mwaka kabla ya Noeli, akishanunua anachonunua, angeuliza akiangalia nje: "Ile moto ya padri iko?" Iko. "Unauzisha?" Siuzi. Basi, angekwenda. Kila mwaka, mpaka mwaka jana, miguu imevimba. Kwa hiyo alidanganya siku ile uani, aliitaka kuliko kitu chochote na akaiachia kwa neno moja, halafu akajuta maisha yake yote, na mimi nikamlipa kwa kumnyima. Nimewahi kusema sijuti. Nilisema uongo. Najuta, na bado namchukia, na sioni kwa nini mtu mmoja asiweze kubeba mawili.

Siku ya maziko niliondoa turubai mwenyewe. Nikatia tairi, nikaosha tangi, nikapima vifuniko viwili kwa lita, na juu yake nikaongeza kijiko cha mawese. Msalaba tukaufunga nyuma, jina lake likitazama barabara. Mjane wake alitoka mlangoni ameshikwa mikono, akaitazama. "Ni ile?" akauliza. "Ni ile," nikasema, naye akaweka kiganja juu ya kiti akakaa hivyo kidogo. Tulikuwa pikipiki zaidi ya mia, na mbele yao wote mimi, mwanamke wa umri wangu na goti bovu, nikimbeba tena Kasereka nyuma yangu, safari hii hasemi kitu. Nyuma nilisikia kijana mmoja akiuliza ni nani anakaanga mandazi msibani. Tukafika makaburini. Mbusa akashuka kwa shida, akasimama kando ya shimo, akatafuta neno la kusema kwa niaba ya pakingi, na machozi yakamzuia. Nikafungua msalaba nikaushika kwa mikono miwili.

"Amefika," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Mais moto ni yangu."